Pumzi ya Gemma Kisimani Orvieto

Mtaa wa Stesheni 14,
Orte.
16 Mei 1983

Mpendwa mdogo wangu Marisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, na Ivo je? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anabebeshwa saruji? Na mikono yako, huko dobini hotelini, imeacha kupasuka? Mimi sijambo. Watoto wenu wote wawili ni wazima. Naanza na hilo ili uyasome yanayofuata ukiwa umetulia.

Mvua zimekata. Mama anagombana na kuku wa jirani kama kawaida.

Jana Jumapili niliwapeleka watoto Orvieto. Duilio alikuwa ameniganda wiki nzima anataka kuona kisima. Tulisali Kanisa Kuu, kisha tukala mikate ya nyama ya nguruwe kwenye ngazi za nje. Gemma alikula nusu tu. Alikuwa ameninunia tangu asubuhi, kwa sababu nilimkuta ameacha dawa yake ya kuvuta mezani.

"Siihitaji tena, Mama Mkubwa," aliniambia. "Nimepona."

"Pumu haiponi kwa kusema," nikamjibu, nikaitia mkobani mwangu.

Kisima unakikumbuka, Baba alitupeleka ukiwa mdogo kuliko Gemma. Ngazi ya kushukia na ya kupandia zinazunguka shimo moja, wala hazikutani mpaka chini kabisa, kwenye kile kidaraja juu ya maji. Kwenye madirisha yanayotazama shimo unamwona aliye ng'ambo, ila humfikii.

Gemma alitangulia. Mimi nilibaki nyuma na Duilio, aliyekuwa akihesabu madirisha na kuanza upya kila alipokosea. Nilimwita dada yake apunguze mwendo. "Tutakutana juu," akajibu bila kugeuka. Nikamwacha aende. Hilo ni kosa langu, simsukumii mtu.

Tulikuwa katikati ya kushuka nilipomwona dirishani, upande wa pili. Alishavuka chini, sasa anapanda. Alikuwa ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni. Shimo lile linakuza kila sauti, Marisa. Nilikisikia kifua chake kikipiga filimbi kutoka ng'ambo.

Dawa ninayo mimi. Kati yetu ni hatua tano sita za hewa tupu, na chini ni maji. Niliitoa nikapima kwa macho. Hapo nyuma ya Gemma akatokea mwanamume mnene mwenye kofia, fundi mwashi wa kijiji cha Baschi. Baadaye nilijua anaitwa Settimio.

"Wako huyu?" akaniuliza.

"Wangu. Ana pumu, na dawa yake hii hapa."

"Irushe, nitaidaka."

"Nikikosa?"

Akatazama chini. "Basi usirushe. Nambeba mgongoni. Wewe geuka, panda kwa ngazi hiyo hiyo uliyoshukia, tukutane nje."

Nikambeba Duilio, nikageuka. Watu walikuwa wanateremka, na kila mmoja ananiambia njia ya kupandia siyo hii. "Mama, umepotea," akasema mmoja, akacheka. Niliwapita kwa kiwiko. Kila nikifika dirishani naitazama ile kofia ng'ambo, na mkono wa Gemma ukining'inia begani kwa mtu yule.

"Bado anavuta pumzi," Settimio ananiambia. Dirisha jingine: "Bado."

Kisha nikatazama, hakuna mtu. Dirisha lililofuata, hakuna mtu.

"Wamekwenda wapi?" Duilio akauliza.

Niliendelea kupanda tu, na nakwambia kweli, sikuwa naomba Mungu. Nilikuwa natunga maneno ya kukuandikia. Kumbe magoti ya Settimio yalikuwa yamegoma, ameketi kidogo. Nilipoiona tena kofia yake, nikaongeza mwendo.

Nilifika juu kabla yao, nikazunguka mbio mpaka mlango wa kutokea. Gemma alitoka midomo ikiwa ya buluu. Pumzi ya kwanza ya dawa hakuweza kuivuta. Ya pili aliivuta kidogo. Settimio alipiga magoti akamwegemeza kifuani, anamwambia polepole, "Taratibu, binti, hakuna anayetufukuza." Ya tatu ikaingia. Akaanza kukohoa, akakohoa muda mrefu, nami sijawahi kufurahia kikohozi namna ile. Hospitalini walimdunga sindano, wakatuachia jioni. Leo amekunywa supu na kumtania Duilio.

Sasa lile lililonifanya niandike leo hii. Nilimuuliza kwa nini hakurudi kwangu kifua kilipoanza kubana.

"Nilikuwa najizuia," akasema.

"Kujizuia nini?"

"Kukohoa."

Ameisoma barua yako ya baada ya Pasaka, Marisa. Aliitoa kwenye droo yangu. Ile unayosema mtawachukua kwa siri mkipata chumba, kwa kuwa kibali chenu cha kazi ya msimu huko ugenini hakiruhusu watoto, na kwamba mchana wasisikike hata kidogo, majirani wasije wakaita polisi. Mwezi mzima anajizoeza. Kukohoa anakoholea mtoni. Dawa ameiacha kwa sababu ina mlio. Akaniambia, "Mwandikie Mama kwamba nimefika dirisha la thelathini bila kukohoa."

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekaa na barua ile bila kuijibu, kwa kuwa nilitaka wabaki kwangu na nikaona haya kusema. Jibu langu sasa ni hili: usiwachukue kwa namna hiyo. Omba ruhusa kazini, hata ya siku nne, hata msimamizi akinuna. Mimi nimemwambia mara kumi kwamba anaruhusiwa kukohoa, ananiitikia kwa adabu tu. Njoo umwambie wewe.

Mama anakusalimu, yeye tumemwambia ni mafua. Duilio anasema kisima kina madirisha mia. Nisalimie sana Ivo, na Carmela mnayeishi naye. Mungu awafunike huko mliko, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Fiorenza