Kikao cha Dharura Kuhusu Miwani ya Chiriku

KAMATI YA WAZAZI, WODI YA WATOTO WALIOUMIA UBONGO

Kumbukumbu za kikao cha nne, cha dharura, kilichofanyika Jumatano saa kumi jioni katika chumba cha mazoezi cha wodi

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanawe alipona na kuruhusiwa mwaka jana)
Mtaalamu wa Mazoezi ya Viungo, mwajiriwa wa wodi
Mama Chiriku
Fundi Umeme, baba wa mtoto wa kitanda cha mlangoni
Katibu, shangazi wa mtoto wa kitanda cha pili

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti. Hakutoa taarifa, ingawa gari lake lilionekana getini likigeuza.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika, akapendekeza kikao kianze kwa kujipongeza kwa jinsi wageni wafadhili walivyopokelewa Ijumaa. Hakuna aliyeunga mkono. Alisubiri, akaangalia huku na huku, kisha akasema tuendelee.

KUMB. NA. 4/2: YALIYOMPATA CHIRIKU

Kwa atakayesoma bila kujua: Chiriku ni msichana wa miaka minane aliyegongwa na pikipiki akitoka shule. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Tangu aumie kichwa, maneno yake ni ya kuhesabu, na mkono wake wa kushoto ulilala kabisa.

Mtaalamu alieleza kwamba mtoto huyo amekuwa akifanya mazoezi kwa miwani ya uhalisia pepe. Akiivaa anajiona yuko uwanjani penye maputo, na akilifikia puto kwa mkono mbovu linapasuka. Mashine humsoma aliyevaa. Kadiri anavyoweza ndivyo inavyoyapandisha maputo na kuyapa kasi, na siku ya pili huanzia pale ilipoishia. Kwa miezi maputo ya Chiriku yalikuwa mapajani. Wiki iliyopita yalifika begani, na wodi nzima ilimpigia makofi, wapishi pia.

Jumatatu hakupata hata moja. Jumanne vilevile. Mtaalamu alikiri kwamba kwenye skrini hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa kimo cha maputo anakiona aliyevaa miwani peke yake. Chiriku alivua miwani akasema, "Mkono umekufa tena." Tangu hapo ameuficha chini ya shuka na hasemi na mtu, hata mama yake. Daktari alihofia damu imeanza kuvuja tena kichwani, akaagiza mtoto apigwe picha nyingine. Mama Chiriku alisema alisubiri nje ya chumba hicho cha picha, amekaa sakafuni. Picha ilikuwa safi.

KUMB. NA. 4/3: CHANZO CHAKE

Fundi Umeme aliomba simu yake ipitishwe mezani. Ndani yake kulikuwa na picha ambayo Mwenyekiti mwenyewe aliituma Ijumaa kwenye kundi la wazazi, chini yake ameandika "Bingwa wa maputo". Anaonekana amevaa miwani, tai kaitupa begani, mkono umekaribia dari, na Makamu pembeni ameshika mbavu kwa kicheko. Nyuma yao, kwenye skrini, limeandikwa jina la Chiriku.

Mtaalamu alisema siku hiyo alitumwa na Mwenyekiti kufuata chai ya wageni. Miwani haifunguki bila kuchagua jina la mtoto, naye na Makamu wakachagua lililokuwa juu kwenye orodha. Akasema kumbe siku mbili hizi mtoto alikuwa akishindana na wanaume wazima.

Mwenyekiti alijitetea kwamba wageni walitaka kuona mashine inavyofanya kazi, kwamba walishindana kidogo tu kuchangamsha ugeni, na kwamba hakuna kilichovunjika. Alisema jambo hili linakuzwa na watu wenye yao moyoni.

Mama Chiriku alisema, "Hakuna kilichovunjika? Njoo umwangalie."

Mwenyekiti aliomba maneno yake ya utetezi yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Katibu alimjibu kwamba yameshaingia. Katibu anajua kazi yake ni kuandika tu, lakini anaandika na hili: alikasirika mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

KUMB. NA. 4/4: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba miwani haitavaliwa na mgeni yeyote kwa jina la mtoto, na kwamba ufunguo wa kabati utakaa kwa Mtaalamu. Hapa hakukuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye nani amwambie mtoto. Mwenyekiti alipendekeza Mtaalamu amweleze kwamba mashine iliharibika, yaishe. Alisema haifai mtu mzima, tena kiongozi, kusimamishwa mbele ya mtoto. Mama Chiriku alikataa. "Ukimwambia mashine mbovu, hataivaa tena. Mwambie ni wewe." Wajumbe wote walimuunga mkono. Mwenyekiti alitaka kura ya siri. Aliambiwa hakuna siri tena, ameshaonekana pichani.

KUMB. NA. 4/5: KUHAMIA WODINI

Kikao kilihamia kitandani kwa Chiriku. Mwenyekiti alianza na hotuba kuhusu umuhimu wa mazoezi, Fundi Umeme akamkoholea. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Yale maputo niliyapandisha mimi, nikicheza. Mkono wako haujafa."

Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kwanza usoni, halafu mikononi. Kisha akauliza, "Mbona uliivaa, mikono yako mizima?"

Mtaalamu alileta miwani, akasema ameyarudisha maputo chini ya bega. Chiriku alitikisa kichwa. "Atoke kwanza."

Mwenyekiti aliangalia wajumbe, hakuna aliyemtetea, akatoka. Mtoto aliutoa mkono chini ya shuka mwenyewe, akavalishwa miwani. Alikosa, akakosa tena, akalia, akakataa kuvuliwa. Mwishowe puto moja likapasuka, na mama yake akapiga kelele iliyosikika hadi koridoni. Mwenyekiti aliisikia, akachungulia. Hakuitwa ndani.

KUMB. NA. 4/6: KUFUNGA

Kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa nje, Katibu alifunga kikao saa kumi na moja na nusu.

Mwenyekiti: ........................ (amesaini koridoni)

Katibu: ........................