Chumvi ya Maji Kupwa

Mtaa wa Boyra,
Khulna.
18 Machi 2024, siku ya saba ya Ramadhani

Mpendwa Mjomba Motaleb,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka huku kwenye joto. Habari za Toronto? Magoti yanasemaje na hiyo baridi? Mwanao Rashed alitutumia picha yako umevaa makoti mawili na kofia mpaka kwenye nyusi. Mama alicheka akashika mbavu, kisha akalia kidogo.

Mimi mzima, nafunga vizuri, ila jua la mwezi huu wa Choitro halina huruma mwaka huu. Mama bado amegoma kuhamia kwangu mjini. Yuko palepale kijijini Chorkhali na bata wake. Presha imempanda tena na miguu inavimba. Daktari alipomkataza chumvi, alimjibu, "Mwanangu, chumvi siweki mimi, huja yenyewe na mtungi."

Mjomba, ningeweza kukupigia simu. Nimeogopa kusikia utakavyonyamaza, ndiyo maana naandika.

Tangu Januari ofisi zote zinazopima maji ya Ghuba na milango ya mito zimetakiwa kuweka namba zao kwenye jedwali moja. Kabla ya hapo lazima tukubaliane majina ya vitu tunavyopima. Utacheka, lakini watu kumi na wanne wazima tumegombana miezi miwili. Huyu anaandika "joto", yule "joto la maji", na wa tatu ana herufi zake anazozijua yeye na Mungu wake. Hakuna anayesema kama ni joto la juu au la chini mita kumi.

Tulipofika kwenye chumvi, mzee Quddus wa ofisi ya Chattogram alipiga meza. "Chumvi ni chumvi, jamani! Hata mpishi wangu anajua. Tupitishe twende tukafuturu!"

Nikamwambia, "Huyo mpishi wako huonja mchuzi wakati gani, bwana? Maji yakijaa bahari inaingia mtoni, yakipwa mto unaisukuma nje. Hiyo chumvi moja iko wapi?" Watu wakacheka, mzee akanuna, lakini hoja yangu ikapita. Sasa kutakuwa na chumvi ya maji kujaa na chumvi ya maji kupwa. Ambaye hajulikani alipima lini, namba zake zinakwenda kwenye kona ya "haijulikani", na kona hiyo haichorewi ramani. Nilitoka pale kichwa juu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kesho yake nilikabidhiwa madaftari ya gati la Chorkhali. Ni yako, Mjomba, miaka ishirini na miwili. Niliutambua mwandiko wako kabla sijasoma jina. Kila mara uliandika saa, Mungu akubariki, lakini hukuandika hali ya maji. Nikatafuta kalenda za zamani za kujaa na kupwa, nikalinganisha saa kwa saa, siku tatu mfululizo. Iwe bamvua, maji yanapojaa sana, iwe maji mafu, yanapojaa kidogo, wewe ulichota maji yakiwa yamepwa. Hakuna hata siku moja ulipochota yamejaa.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo, nawe ulikuwa ukikaa juu ya ndoo pale gatini ukisubiri akina mama washuke na mitungi. Wao walisubiri maji yapwe ili chumvi ipungue. Ukaniambia, "Mimi napima wanachokunywa watu. Wanachokunywa samaki wakapime wengine." Na hao wengine walipima kweli. Magati yote ya jirani yalipimwa maji yakijaa, kisha namba zote zikatiwa safu moja iliyoitwa "chumvi".

Kwenye ramani, Chorkhali ikaonekana ina maji matamu katikati ya vijiji vya chumvi. Baada ya ile tufani kubwa matangi ya maji ya mvua yalipogawanywa, jirani walipata, Chorkhali ikarukwa. Mara ya pili ikarukwa tena. Unakumbuka watu walivyosema matangi yetu yameliwa? Hayakuliwa na mtu. Hukukosea namba hata moja, Mjomba, ila zilipangwa na zisizofanana nazo, nasi tukaumia.

Mama alinikataza nisikuandikie. "Ile karatasi ya kusifiwa kazi ameitundika ukutani mpaka huko ugenini. Unataka kumuua kaka yangu kwa barua?" Siku mbili nzima nimeshika kalamu na kuiweka chini. Naumia, na naona haya kukuletea hili uzeeni.

Lakini kamati yetu haikubali kalenda peke yake. Wanataka neno la aliyechota. Nakuomba mistari miwili kwa mkono wako, kwamba ulichota maji yakiwa yamepwa, na kwa nini. Rashed aipige picha aitume kabla ya Idi, maana baada ya hapo jedwali linafungwa na ramani ya matangi mapya inachorwa. Ukinyamaza, madaftari yako yote yanakwenda kwenye ile kona, na Chorkhali itarukwa mara ya tatu.

Nisalimie Rashed na mkewe Shirin, na umbusu Tuli mdogo. Mwenyezi Mungu akupe afya na saumu nyepesi.

Mama alipoona siachi kuandika, alisema, "Basi mwambie na hili." Yale maji uliyokunywa kwake kila ulipokuja, ukayasifu kuwa matamu, hayakuwa ya mto hata siku moja. Yalikuwa ya mvua, aliyoyaweka kwenye mtungi wa wageni nyuma ya mlango. Namba ulizijua, Mjomba. Ladha ndiyo hukuijua, na aliyekuficha ni yeye. Anasema usijilaumu.

Juzi nilifuturu kwake. Mtungi wa wageni umekauka, kwa hiyo nami alinipa ya mto, yaliyochotwa yakiwa yamepwa, yaleyale uliyoyapima. Nilikuwa na kiu ya kutwa nzima, Mjomba, na sikuweza kumaliza glasi.

Mpwa wako asiyechoka kukupenda,
Dilruba