Maharagwe ya Butembo

Bwera, Jumanne, 2016

Fosfeti, madini ya chakula ambayo figo zangu haziwezi tena kuyatoa, imepanda tena damuni, ndiyo maana nawashwa mwili mzima. Leo kwenye mashine ya kusafisha damu nesi ameniuliza vidonge vya kuishusha navimeza saa ngapi. Nikajibu kwa fahari: alfajiri, kabla ya chochote.

"Ayi, mzee! Hiyo ni ya kutafuna na chakula. Inashika fosfeti ya chakula mule tumboni."

Miezi mitatu nimemeza bure.

Nyumbani nimemkuta mpwa wangu wa kike, Masika, ametoka Butembo na maharagwe ya shamba letu, ambalo sijaliona tangu vita viliponivusha mpaka kuja hapa Bwera.

"Tonton, mjomba wangu, nipike yote?"

"Vijiko viwili tu, mama, yamejaa fosfeti. Na kidonge."

Nimetafuna polepole sana.

Yaliyobaki atayapanda nyuma ya nyumba. Kutazama maua yake hakupandishi fosfeti.