Wachira Anayeliliwa Kitambaani

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Mukurweini? Na kikohozi cha Baba? Mimi hapa Nairobi niko mzima, nakula vizuri, ila roho haijatulia.

Unakumbuka mlivyonicheka nikiwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua, sauti ikipanda na kukatika kama ya makauboi wa redioni? Sauti hiyo ndiyo inanilisha. Baada ya matangazo ya sabuni wamenipa filamu nzima, na kofia pana, gita, na farasi mzee anayenichukia. Kumpanda bado naogopa, nakuapia.

Shida ni mwisho wa filamu. Napigwa risasi naanguka, nafunikwa kofia usoni. Na mkubwa wetu wa filamu alikuwa amesema jina langu la nyumbani linapendeza kuliko majina ya Kizungu, akalitia kwenye filamu, nami nikafurahi kama mjinga. Sikumfikiria Cucu, nyanya yangu. Msichana wa filamu anapiga magoti analia, "Wachira amekufa!" Mama, hilo ni jina la Guka, marehemu mume wake. Cucu alishalililia mara moja akalizika, ndipo nikazaliwa mimi nikapewa, na mpaka leo ananiita mume wangu. Anajua sinema ni mchezo. Lakini jina si mchezo, na kwetu kumlilia aliye hai ni kuita kifo nyumbani.

Nilimwomba mkubwa abadilishe. Akacheka, ati sauti imeshanaswa. Leo nasikia gari la sinema litakuwa hapo uwanja wa soko Jumamosi, litundike kitambaa cheupe na kuonyesha filamu yetu, na mimi nimenyimwa ruhusa ya kuja. Nitakuja hivyo hivyo. Kazi ikipotea, ipotee. Naogopa tu mvua hii na barabara ya matope, nisije nikafika watu wameshatawanyika.

Kwa hivyo barua hii nampa dereva wa lori la ndizi anayerudi huko kesho. Usimfungie Cucu nyumbani, majirani watamwambia vibaya zaidi. Mwambie wewe, mapema, kisha keti naye. Msichana akianza kulia, Cucu asilie. Ajibu kwa sauti, uwanja wote usikie: "Wachira yuko kwangu, anakunywa uji." Na huo uji uwe umepikwa kweli, kibuyu changu kiwe kimejazwa, niunywe nikifika, ili asiwe amesema uongo.

Msalimie Baba, dada yangu Wanjiru wa dukani, na mjomba anayetuchungia ng'ombe.

Ni mimi mwanao, mume wa Cucu,
Wachira, mzima.