Mgeni Amekuja, Jicho Halikucheza

Ijumaa. Mvua ya vuli ilianza alfajiri ikakatika adhuhuri, na sasa Makorora nzima inanuka udongo uliolowa na mitaro iliyojaa. Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyeshinda kwenye cherehani, si ule mwingine. Nina furaha pia. Nalisema wazi, maana kurasa za nyuma zimejaa malalamiko tupu na mtu akizisoma atadhani sijacheka tangu nimezaliwa.

Hamadi amekuja leo. Mwanangu wa pekee, kutoka Dar, bila kutanguliza salamu wala barua.

Nianze na mwili, kama kawaida yangu. Leo masikio yanavuma kama jenereta ya mwenye duka siku za mgawo wa umeme. Ncha za vidole zina ganzi. Nyayo zinachoma tangu jana, kama nimetembea juani peku. Vidonge vya usingizi niliviacha kabla ya Ramadhani, kwa kupunguza kidogo kidogo kama daktari alivyoniongoza, nusu, kisha robo, mpaka nikawa nameza unga tu. Nikajua siku nitakayomeza punje ya mwisho ndiyo nimepona. Wapi. Vidonge vimeondoka, visa vyake vimebaki nyumbani kama mpangaji aliyeambiwa ahame na bado anapika uani.

Vidonge vilianza nikiwa edani. Baba Hamadi alipunguzwa kazi kiwandani, akawa anakaa barazani na shati lake la kazi lililopigwa pasi, hana pa kwenda, na haukupita mwaka akafariki. Usingizi ukanikataa kabisa. Daktari mmoja akaniandikia vidonge vya kunilaza kwa muda mfupi, na muda mfupi ukawa miaka. Nafikiri ingekuwa zile zama za foleni, tulipokuwa tunapanga mstari kwa kipande cha sabuni, ningeviacha kwa kuvikosa tu. Lakini soko lilikuwa limefunguliwa. Maduka ya dawa yalifumuka kila kona pamoja na meza za mitumba, na muuzaji wa mtaani kwetu hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nataka vile vya kawaida. Mitumba ikanipa kazi ya kupunguza suruali za Wazungu ziwaenee watu wa Tanga, na duka la dawa likanipa usingizi. Nikajiona nimejipanga vizuri.

Sasa Mamkubwa. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama, mtu wa Mwera, aliyekuja kunitazama nilipoanza kupunguza vidonge na akakataa kuondoka. Nimejaribu kumweleza kwamba mwili ukizoea dawa ya namna ile, ukiiacha hulalamika muda mrefu. Hunisikiliza kwa adabu zote, kisha hurudi kwenye elimu yake. Kwa Mamkubwa, mwili hauumwi hivi hivi, mwili huleta habari. Kope ya juu ikicheza, mgeni yuko njiani. Ya chini ikicheza, utalia. Masikio yakivuma, unasemwa. Kiganja kikiwasha, pesa. Nyayo zikiwasha au kuchoma, safari.

Mtu asiyejua anaweza kucheka, lakini afikirie ilivyokuwa miezi ile ya kwanza, mimi nina dalili hizo zote kwa mpigo!

Kope yangu ya juu ilicheza kila siku ya Mungu, na kila siku Mamkubwa aliongeza mchele chunguni kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja. Tulikula kiporo asubuhi, tukakigawa kwa majirani, mpaka majirani wakaanza kuuliza kulikoni. Mara moja nilimfokea. Nilimwambia huu ni ugonjwa, si posta. Jioni akaongeza mchele vile vile.

Sijui ni lini nilianza kumshukuru. Kilichokuwa kinaniumiza zaidi ya ganzi na mtetemeko ni hofu. Sikio likivuma, moyo ulikwenda mbio, nikajiambia sasa ubongo umeharibika, sitapona, afadhali nikanunue kimoja tu nipumzike. Na hapo ndipo Mamkubwa alipokuwa akiinua kichwa kwenye ukili anaousuka na kuuliza nani tena anayenisema. Basi tunawapitia: wifi yangu, muuza nyama tuliyemrudishia mifupa, mke wa imamu. Tukifika kwa wa tatu au wa nne nimeshacheka, na hofu imenipita pembeni. Daktari alikuwa ameniambia kitu hicho hicho kwa maneno yake: yatakuja, yataondoka, usiyakimbie na usipigane nayo, ngoja. Nilimsikia daktari. Kungoja nimejifunza na Mamkubwa.

Lakini Hamadi hakuyajua haya yote. Yeye mara ya mwisho alinikuta Idi, siku zangu mbaya kuliko zote. Nilitoka jikoni na sinia la chai, mikono ikakataa, na chai yote ikamwagika kwenye kanzu yake mpya. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayekufa. Halafu akafikiri nimevirudia vidonge, na hilo liliniuma zaidi. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akaniambia:

“Mama, nikija tena nikakukuta hivi, tunafunga nyumba hii. Utakaa kwangu.”

Alisema kwa mapenzi, najua. Lakini kwake ni chumba kimoja na sebule, yeye, mke na watoto. Cherehani haitaingia. Ningekuwa mgonjwa wa kukalia kitanda cha watu, naulizwa kila asubuhi nimelalaje. Na najijua. Mahali ambapo sina kazi ya mikono na sina Mamkubwa, ningevitafuta vile vidonge kabla sijafungua begi. Tangu Idi nimeishi na maneno yale ya mlangoni. Kila mkono ulipotetemeka niliona kufuli kwenye mlango wangu.

Basi leo. Asubuhi kope zilitulia, ya juu na ya chini. Mamkubwa aliniangalia usoni kama anavyofanya kila siku kabla ya kupima mchele, akaridhika, akapima wa watu wawili. Kilichomkera ni nyayo. Alinikuta nimeziloweka kwenye beseni, akakunja uso. Alisema safari hiyo inakuja na yeye haipendi.

Watu walipotoka msikitini, tukasikia hodi. Hamadi, suruali imelowa hadi magotini, na begi kubwa mkononi. Akatoa shikamoo kwangu na kwa bibi yake, tukaitikia, na Mamkubwa akalipokea begi alipeleke ndani. Likapanda juu kwa wepesi kiasi kwamba karibu limpige kidevuni. Lilikuwa tupu. Mamkubwa alinitazama miguuni, na mimi nikajitazama miguuni.

Mwanangu alikuja na begi la kubebea nguo zangu.

Tulikaa kula na aibu ikaanza upya, maana wali ulikuwa wa watu wawili na samaki mmoja wa kupaka. Mamkubwa alidai ameshiba, uongo mtupu, kisha akashindwa kuvumilia. Akanigeukia mbele ya mgeni.

“Ati wewe, jicho lako lina n'ni leo? Mbona halikunambia?”

Hamadi akabaki na tonge mkononi. Ikabidi nimweleze, na nilipoanza kueleza habari ya jicho nikajikuta nimeeleza yote: vidonge vilivyokwisha kabla ya Ramadhani, mitetemeko iliyobaki, daktari aliyesema itaisha ila haina haraka, chai ya Idi ilivyomwagika bila hata kidonge kimoja mwilini. Sikulia. Nilidhani ningelia. Alisikiliza, lakini niliona macho yake hayako usoni kwangu. Yalikuwa kwenye mikono yangu.

Baada ya kunawa alivua shati. Alisema kifungo kimemng'oka kwenye basi, nimshonee. Mpaka sasa sijui kama kiling'oka chenyewe.

Nikachukua sindano na uzi. Na hapo hapo, kama ulikuwa umeagizwa, mkono ukaanza. Uzi ukapita kulia kwa tundu, ukapita kushoto. Zamani ningeficha mkono ndani ya kanga, nikasema nina homa, nikaingia chumbani. Leo nilisikia moyo unakwenda mbio, nikaiona kufuli yangu, na bado nikaiweka sindano mapajani mbele ya macho yake. Alinyoosha mkono aichukue.

“Subiri,” nikamwambia. “Itapita.”

Tukasubiri. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Mamkubwa aliuweka ukili wake chini. Mimi nilivitazama vidole vyangu vikicheza, nikaviacha vicheze, sikuvisihi wala sikuvilaani. Vikapungua. Havikutulia kabisa, lakini vilitulia kiasi cha kunitosha. Nikachukua sindano, uzi ukaingia, nikashona kifungo, nikakata uzi kwa meno, nikampa shati lake.

Akakivuta kifungo kwa nguvu, kama mteja asiyemwamini fundi. Kikashika.

“Kumbe ndivyo unavyokaa nayo?” akauliza.

Nikamjibu ndivyo. Nikamwambia pia kwamba humu ndani hamna kidonge hata kimoja, na akitaka apekue, hata chini ya godoro. Hamadi akavaa shati lake, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Hakupekua. Sijui kama atawahi kujua alichonipa kwa kukaa pale kwenye mkeka bila kuinuka.

Kisha akauliza kama kwa utani: sasa lile begi atarudi nalo na nini? Kabla sijamjibu, Mamkubwa akawa ameshaingia ndani. Ndani tulisikia vitu vinadondoka kimoja kimoja. Mamkubwa alikuwa ameshaanza kulijaza: nazi, mihogo, machungwa ya Muheza, na ukindu wa kumpelekea mkwe ambaye hajui hata kusuka. Akatoka amejifuta mikono, mshindi. Akatutangazia kwamba nyayo hazikudanganya, safari ilikuwepo, ila ilikuwa ya nazi. Hamadi alicheka mpaka akajiegemeza ukutani. Alicheka kicheko cha baba yake, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika mwenyewe.

Naandika haya kabla ya isha. Hamadi amelala sebuleni kwa uchovu wa njia, na kesho ataondoka na begi lake. Mamkubwa bado ana kinyongo na jicho langu. Anasema limeharibika, haliaminiki tena, kesho atapika wa watu wanne bila kuliuliza.

Sitajidanganya. Sijapona. Leo uzi umeingia, kesho huenda usiingie. Masikio yanavuma hivi ninavyoandika, na wiki ijayo huenda nikaandika hapa tena kwamba nimeamka na hofu kifuani bila sababu. Lakini miezi yote hii nilikuwa na jicho linalocheza na mgeni haji. Leo mgeni amekuja, yule niliyemwogopa kuliko wote, na jicho lilikuwa limetulia tu kama jicho la mtu mwingine yeyote.

Miguu yangu imo kwenye beseni. Nyayo zinachoma vile vile.

Zichome. Siendi popote.