Nguvu Tano za Telmo na Zamu Yetu ya Maji

Pucará Alto,
Jumapili, 15 Septemba 2019.

Mpendwa dada Nelida,

Natumaini mgongo umepoa tangu uache kuchuma malimau huko Murcia, na kwamba wanao hawajasahau kuamkia wakubwa. Sisi tu wazima. Mama anakula, anatembea, anagomba. Akinyamaza ndipo nitakapoogopa.

Sasa nikueleze kuhusu yale maswali uliyomtumia kaka Telmo kwenye simu, ili azijue nguvu za tabia yake. Najua ulikusudia mema. Umetuletea balaa.

Simu ilimwambia ana nguvu tano: uongozi, matumaini, ucheshi, kupenda kujifunza na kuthamini uzuri. Akaziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meko. Bidii haikuwemo, wala hakuiulizia. Akanijibia na mimi maswali bila kuniuliza, akanitangazia kwamba nguvu yangu ni subira. Basi mimi ndiye wa kumwogesha Mama, kuwakatia majani simbilisi, wale wanyama wadogo wa Mama wa kufuga, na kusubiri. Yeye kila siku anatumia nguvu moja. Siku ya kuthamini uzuri alikaa kitini akitazama mlima mpaka mchana, nami nikampelekea mahindi ya kuchemsha pale pale, mjinga mimi.

Jana ulikuwa msaragambo wa kijiji kuzoa tope la mfereji. Unaikumbuka desturi: kila nyumba inapimiwa kipande chake kwa fimbo, na isiyomaliza kabla ya chakula inafutiwa zamu ya maji mwaka mzima. Bila maji hakuna majani, na bila majani simbilisi wa Mama watakufa. Hana kitu kingine duniani anachokiita chake. Telmo aliapa kwamba ataenda yeye, mimi nibaki nyumbani.

Saa nne nikapita kupeleka chakula. Kipande chetu kilikuwa kimejaa tope vilevile. Bwana mkubwa kasimama ukingoni, jembe safi begani, anawagawia watu nguvu zao: wewe Olmedo una ujasiri, wewe Carmela una huruma. Watu wanachimba huku wanamcheka, naye anadhani ni ule ucheshi wake. Nikamuuliza chetu atachimba nani.

"Zoila, kila mtu atumie nguvu yake," akasema. "Mimi naongoza."

Nilimnyang'anya jembe. Yaliyonijia kinywani hayakuwa ya subira, nikayamalizia kwenye tope. Nikachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikamaliza wanawake wakianza kutandaza vitambaa vya chakula. Mzee Segundo, mwenye daftari la maji, akaja kupima, akauliza aandike jina gani.

"Langu, kama siku zote," Telmo akadakia. Hata aibu hana.

Mzee alivitazama viatu vya Telmo, kisha vyangu. "Daftari hili linaandika aliyelowa," akasema, akaandika Zoila.

Leo asubuhi kaka yako amekuja kuniomba maji ya viazi vyake. Nimemwambia asubiri. Ni nguvu nzuri, na si anapenda kujifunza?

Msalimie shemeji Fausto na watoto, na shangazi Delfina ukimpigia. Mama anawaombea mlale salama na mwamke na kazi. Maswali mengine, ukiyapata, jibu mwenyewe.

Nduguyo akupendaye, mwenye zamu ya maji,
Zoila