Kidole cha Azzan

Shemeji Himid,

Uji wa Azzan umo sufuriani, upashe moto kidogo tu. Yeye nimemwacha kwa jirani yetu Bi Mwaija, umchukue ukitoka msikitini.

Utaona kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa. Ni mimi. Asubuhi nilikuwa nampunguza kucha, akajinyonganyonga, mkasi ukagusa nyama. Damu ilikuwa kidogo, lakini alilia hata sauti ikamkauka.

Mwambie mkeo mpya angoje mtoto alale, ndipo amkate kucha, kidole kimoja kimoja. Ndivyo nilivyofanya miezi minane yote tangu dada yangu alipofariki akimzaa, na sikumjeruhi hata mara moja. Leo sikungoja. Nilitaka awe macho anitazame, kisha machozi yakanijaa nikawa siuoni vizuri mkasi.

Jana uliniambia, "Nunu, Thuwaiba anaingia kesho. Mtoto asizoee mama wawili." Ulisema haki. Lakini shemeji, ungeningoja walau nimalize kula.

Nguo zake zilizokauka zimo kapuni. Ile kofia ya kijani inambana, usimvike.

Nakwenda kwa mama, Miono, kwa lori la Msata. ~~Nitarudi Ijumaa kumwona.~~ Nimeifuta hiyo. Amzoee kwanza Thuwaiba.

Akianza kusema, akamwita Thuwaiba mama, msimkataze.

Mama yake mdogo,
Nunu